Mkurugenzi wa Ukungu

Kwa furaha isiyo kifani, Mkurugenzi wa Kutokomeza Ukungu wa Kuta za Nje alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo ukungu ni marufuku. Nyumba yoyote itakayokutwa na ukuta wa kijani itapigwa kufuli mpaka ukuta ujirekebishe. Wajumbe walipiga makofi. Mkurugenzi alijisikia vizuri sana, maana kazi ilikuwa imekwisha kabla ya chai.

Wa kwanza kukutwa alikuwa jirani wa ofisi, mjane mshona nguo. Ukungu ulikuwa umepanda ukutani kwake mpaka madirishani.

"Mama, umezembea."

"Mwanangu, nausugua kwa brashi na dawa ya madoa mpaka mikono inachubuka. Ukikauka tu, mvua inanyesha, mnanimwagia tena. Tazama mfereji wa paa lenu, umeziba!"

"Mfereji ni suala la Idara ya Paa. Mimi ni kuta."

"Na ukinifungia, nitalala wapi na cherehani yangu?"

"Hilo sasa ni la Idara ya Makazi."

Akampa mpaka Ijumaa, akaona amezidisha huruma.

Mama hakupoteza muda. Aliazima ngazi, akapanda, akazibua mfereji kwa mikono yake. Kilichouziba kilikuwa bango la kampeni iliyopita: TUSHIRIKIANE KUTUNZA KUTA. Akarudi kusugua ukuta wake, jua likaukausha, na Ijumaa wakaguzi wakakosa pa kutia kufuli. Mkurugenzi alimwandikia onyo kwa kupanda paa la umma bila kibali.

Masika yakaingia. Maji yalipita mferejini vizuri hadi upande wa pili, ambako bomba la kuyashusha lilikuwa limezinduliwa kwa hotuba tatu lakini halijawahi kuwekwa. Yakateremka ukutani, chini ya dirisha la Mkurugenzi. Haukupita muda, ofisi nzima ikawa kijani.

Wakaguzi aliowafundisha mwenyewe walifika asubuhi na kufuli.

"Mnanijua mimi ni nani?"

"Tunakujua, mheshimiwa. Tunakupongeza kwa sheria isiyobagua."

Wakafunga, mwavuli wake ukiwa ndani. Mvua haikumsubiri. Alikimbilia barazani kwa jirani, suti imemganda mwilini, aibu imemjaa.

"Mama, naomba nijibanze hapa kidogo."

"Karibu, baba. Vuta kigoda." Mama alikata uzi kwa meno, akamtazama alivyolowa. "Ila usiegemee ukuta, utaniletea ukungu."