Mguu wa Mwanamichezo wa Papa Ngoy

Leo nimeaibika. Si kidogo. Mbele ya baba wa mchumba wangu, Papa Ngoy, na mbele ya mguu wake.

Papa Ngoy alifanya kazi ya reli hadi pensheni. Honi za treni zilimwachia sikio moja tu linalosikia, la kulia. Tangu nianze kumchumbia binti yake Georgette, mzee hajawahi kuniambia zaidi ya "Bonjour" na "Utarudia saa ngapi kwenu?"

Sasa wiki hii mguu ukaanza kumwasha, kati ya vidole. Jumapili alijikuna misa nzima. Leo asubuhi Georgette akaniambia: "Umupeleke ku dispensaire. Ni nafasi yako."

Nafasi yangu! Nikamwambia mzee asiogope, maneno ya madaktari nayajua yote, nilisomea uuguzi. (Miezi mitatu. Halafu nikaona damu.)

Daktari alikuwa mama mpole, sauti ndogo. Mimi nikajitupa na Kifaransa cha puani: "Bonjour docteur, mimi ndiye mkalimani wa mgonjwa." Basi naye akajibu kwa Kifaransa, ambacho mzee hakijui zaidi ya "Bonjour". Nilijitakia mwenyewe.

Akatazama vidole. "Pied d'athlète," akasema, akainama kuandika dawa.

Pied, mguu. Athlète, mwanamichezo. Rahisi! Nikanong'ona kwenye sikio zuri la mzee: "Papa, docteur anasema uko na muguu ya athlète."

Mzee akanyooka kwenye kiti. "Anasema hivyo?"

"Njo hivyo, Papa."

"Amejuaje? Nilichezaka football mu timu ya reli! Ku kushoto!"

Daktari akaendelea kuandika. Akasema ni mycose (neno hilo nikaliruka, lilikuwa fupi), na kwamba inapenda "terrain humide". Terrain! Uwanja! Humide, wenye maji! Kila kitu kikaungana.

"Papa, anasema ni juu ya kucheza mu terrain ya maji."

"Kweli kabisa! Mvula ilikuwaka inanyesha, sisi tunacheza tu!"

Dawa ikawa "crème antifongique". Nisameheni, jamani. Nilimwambia ni mafuta ya kufunga ngozi. Si mmesikia wenyewe, anti-fonga?

Kwa mara ya kwanza mzee akanishika bega. Akaniita "mutoto wangu". Hapo hapo ndipo ningepaswa kupanda gari la Mokambo nikavuke mpaka. Sikupanda.

Tukatoka. Nje wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na mzee akasimama katikati yao.

"Bandugu! Docteur amenipima. Niko na muguu ya athlète! Na uzee yangu hii!"

Mama mmoja akapiga makofi. Mzee mmoja aliyetoka Kipushi akaomba auone. Papa Ngoy akavua kiatu. Akavua soksi. Akauweka mguu juu ya benchi.

Mama aliyepiga makofi akahama benchi.

Ndipo daktari akatoka, mkononi ile karatasi ya dawa tuliyoisahau. Akautazama mguu. Akasema, kwa Kiswahili cha mtaa wa Katuba, safi kuliko changu (kumbe!):

"Papa, vala kiatu. Ile ugonjwa itaambukiza bantu."

"Ugonjwa gani? Si njo muguu ya athlète?"

"Ile ni jina tu, Papa. Ni bowa."

Bowa! Uyoga! Ule tunaokula na bukari, ugali wetu!

"Bowa ya kidogo sana, macho haiwezi kuiona," daktari akaeleza. "Inaota pa ngozi yenye kuwa na maji-maji. Nani alikufasiria?"

Macho yote yakanigeukia. Mzee wa Kipushi akacheka mpaka akakohoa, nesi akamletea maji.

Papa Ngoy akavaa soksi. Polepole. Sijawahi kuona soksi ikivaliwa polepole namna ile.

Tukaenda duka la dawa, mzee mbele, mimi nyuma. Tulipotoka na krimu, akafungua kiboksi, akachomoa karatasi ya maelezo, akanipa.

"Soma. Neno haujue, sema haujue."

Nikasoma kando ya barabara, mdomo kwenye sikio lake, watu wakipita.

"Dermatophyte... sijue, Papa."

"Endelea."

"Interdigital... sijue."

"Endelea."

"Excipient... sijue, Papa."

Hivyo hivyo mpaka chini. Maneno pekee niliyoyajua vizuri yalikuwa "deux fois par jour", mara mbili kwa siku.

Mzee akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Leo njo nimesikia weye unasema kweli," akasema. "Dimanche ukuye kwetu tule." Jumapili, mezani kwake!

Basi, udaktari wangu nimeuzika leo. Uchumba bado unapumua, ila ni dhaifu. Tafadhali msicheke kwa nguvu karibu nao.