Nani Atafika Dodoma Kwanza?

Jumatatu, 8 Septemba. Akheri.
Mjukuu kazaliwa Dodoma! Wa kwanza! Mimi na Prosper, baba wa mkwe wangu Ephraimu, tumegombea jina la mtoto kwenye simu mpaka sauti zikakauka. Prosper ana duka la vyombo mjini, kata ya Sokon I, anadhani kila kitu ni chake. Ephraimu kachoka. Kasema, "Wazee wangu, atakayefika Dodoma kwanza ndiye atakayempa mtoto jina." Nikamsikia binti yangu Aika akicheka nyuma yake. Mimi sikucheka. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mbili. Nimefungua atlasi.

Jumanne, 9 Septemba.
Kwa barabara, kupitia Babati na Kondoa: kilomita kama mia nne na thelathini. Mwendo wa saa saba. Ndege ya Alhamisi inazungukia kwanza Dar! Unakaa uwanjani kusubiri ndege ya pili, unatua Dodoma saa kumi jioni. Prosper hajui. Nimekwenda dukani kwake kumsifia ndege kama mtu aliyezaliwa angani. Nikamwambia mimi mgongo unauma, nitajikongoja tu, labda Ijumaa. Kakata tiketi mbele ya macho yangu. Kanipa na pole!

Jumatano, 10 Septemba.
Lifti imepatikana. Zulfikar, muuza spea wa mjini, anakwenda Dodoma kesho alfajiri. Nitafika saa saba mchana. Nitampokea Prosper mlangoni, na chai mkononi.

Alhamisi, 11 Septemba. Dodoma.
Alfajiri ya Zulfikar ni saa moja na nusu. Tena mwendo wake hauzidi sitini! Nikamsihi akanyage mafuta. Akanijibu, "Mwalimu, gari hili limedumu miaka kumi na tisa kwa sababu sikanyagi." Babati akasimama kununua asali. Akaonja ya kila muuzaji. Mbele ya Kondoa, pancha. Saa kumi ndege ikapita juu yetu, inashuka. Nikaionyesha ngumi.

Nikafika saa kumi na moja, miguu imekufa ganzi. Prosper hayupo! Boksi lake la ndizi za mtori, supu ya mzazi, lilisahaulika Dar, naye kagoma kutoka uwanja wa hapa mpaka ndizi zake zije. Ushindi!

Nikampokea mtoto. Nikasimama wima. Nikatangaza kwamba huyu ni Sifael, kama mimi babu yake.

Aika akasema taratibu, "Baba, ni msichana."

Hakuna aliyeniambia! Haya, sikuuliza. Lakini mwalimu hakosi jibu. Nikatangaza upya: Sifaelina! Ephraimu akatazama dari. Mtoto akapiga chafya. Kakubali!

Prosper kafika usiku umeshaingia, ndizi begani. Kusikia jina, kacheka mpaka kakaa chini. Anaficha uchungu, maskini.

Jumapili, 14 Septemba. Akheri.
Kanisani nimewapa habari wote, hata wasiouliza. Aika anamwita mtoto Lina. Sawa tu, nusu ya ushindi bado ni ushindi.

Sasa mke wa mwanangu wa Mwanza ana ujauzito wa miezi saba. Baba yake mzazi anaishi Shinyanga, karibu mno, lakini hana atlasi. Rula iko mezani. Jina lipo tayari: Sifael. Sijauliza kama ni wa kiume.

Ya nini? Atakuwa wa kiume.