Kuhusu Kimya cha Ukumbini Kinachomnyima Mwanangu Usingizi

Kwako Mwalimu Mkuu, mwenye shule na sisi sote tuliomo ndani ya ua wake,

Shikamoo. Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii niliianza juma la kwanza la muhula. Niliandika tarehe, mtoto akalia. Tarehe nimeirudia mara saba na sasa tumo juma la tano, ndiyo maana hapo juu pamefutwafutwa. Usione ni dharau.

Mimi ni mke wa mpishi wako, yule mnayemwita Mwiko. Tunakaa nyumba ya nyuma ya ukumbi wa kujisomea. Kutoka dirisha lenu hadi kitanda chetu ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ana mwaka na miezi mitatu. Wanafunzi wamembandika jina la Kengele, kwa kuwa halii ovyo, analia kwa saa. Utanikumbuka pia kwa jambo jingine: mwaka jana ulinisainia fomu ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, ukaniambia, “Kichwa unacho, binti, muda ndio utakaokusumbua.” Mtihani umebakiza wiki tisa. Muda nilikuwa nao, Mwalimu. Umeuchukua wewe. Nieleze sasa kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

1. Tangazo. Shule ilipofunguliwa ulibandika karatasi mlangoni mwa ukumbi: “KIMYA. ATAKAYESOMA KWA SAUTI ATADEKI BWENI.” Siku ile nilidhani halituhusu. Lakini shule hii tangu iwe shule ilikuwa inasoma kwa sauti. Wanafunzi mia moja na sitini, kila mmoja na kitabu chake, wote kwa pamoja: huyu figo, yule vita, huyu mbolea. Mgeni akipita alidhani kuna ugomvi. Mwanangu alidhani ndiyo dunia. Aliyasikia hayo akiwa tumboni, akayasikia siku tuliyotoka hospitali. Ikifika saa moja na nusu jioni, kelele zikishapamba moto, yeye chali, mikono juu. Mimi nafungua daftari hadi saa tatu. Huo ndio ulikuwa muda wangu, sina mwingine.

2. Juhudi zangu. Usidhani nimekaa tu nikingoja msaada. Nilimwashia redio, akasimama akacheza. Nilimpa baba yake ambembeleze, lakini baba yake sauti anayoijua ni ya foleni ya chakula. Alijitahidi kwa upole wote, akaanza, “Mstari, mwanangu, mstari. Sahani mbele. Wewe, si ulishapata?” Mtoto akaangua kilio, nadhani alijiona ameonewa. Mama mkwe akasema sisi watoto wa siku hizi hatujui kulea, akaja na wimbo wake. Wimbo ni mzuri, una beti mbili. Ubeti wa kwanza ulimlaza yeye mwenyewe. Nikabaki na watu wawili: mmoja amelala kitanda kizima, mwingine macho makavu kama samaki.

3. Ubaya wa kimya chenyewe. Watu wasio na watoto hudhani kimya hakina madhara. Kimya hiki chako, Mwalimu, kinasikika. Ndani yake Kengele anasikia mfuniko wa sufuria, anasikia nikijikuna. Mimi nasoma kwa kujificha, midomo nimeibana, natumia macho tu, lakini nikifunua ukurasa naye anafumbua jicho. Kwa hiyo sifunui. Nipo ukurasa wa mmomonyoko wa udongo, ni juma la tano sasa. Udongo wote umeshakwenda na maji, mimi bado nipo pale pale.

4. Malezi na lugha. Neno la kwanza la mwanangu si mama wala baba. Mwalimu wa zamu alikuwa akipita madirishani, na sauti zikilegea anafoka, “Siwasikii!” Ndilo Kengele alilolishika. Sasa jioni akiona ukumbi umenyamaza anasimama dirishani, anashika nondo kama mfungwa, anapiga kelele, “Chiwachikii!” Wanafunzi wanacheka. Kucheka ni sauti. Wiki iliyopita wanafunzi kumi na wanne wamedeki bweni kwa kosa la mwanangu, na juzi matroni amenisimamisha kisimani akaniambia sakafu imelowa hata magodoro yanaota ukungu. Akaniuliza, “Mtoto wako huyo ana cheo gani hapa?” Nakuuliza wewe.

5. Usingizi wenyewe umehamia wapi. Hili nimelichunguza kwa makini, maana dirishani nakaa muda mrefu kuliko mwalimu wa zamu. Zamani ukumbini hakulala mtu, angelalaje? Sasa benchi la nyuma linalala lote kwa zamu, na mmoja wao amejifunza kulala macho wazi, kalamu mkononi. Kimahesabu ni kwamba ua wetu una usingizi wa kiasi fulani tu kila jioni. Wakisoma kwa sauti, unamwangukia mwanangu. Wakinyamaza, unabaki kwao. Sitaki kutumia neno wizi katika barua ya heshima. Ila wanafunzi mia moja na sitini wanautumia usingizi wa mtoto mmoja, na mama yake atakwenda kufeli.

Kwa hayo, naomba yafuatayo, na naomba kama mzazi.

Kelele zirudi, angalau saa moja kila jioni. Kama heshima ya tangazo hairuhusu, basi nipatiwe wanafunzi thelathini kwa zamu, wakae chini ya dirisha langu. Waanze na historia, inamlegeza. Wafuate na jiografia. Hesabu hapana, anapiga makofi. Tamthilia pia wasilete, wanazisoma kwa vicheko na mwanangu hapendi kupitwa. Viti nitatoa mimi, viwili.

Likizo nayo naomba ifikiriwe upya. Si busara shule nzima kwenda makwao kwa wakati mmoja kana kwamba hapa hapabaki mtu. Wabaki kumi na wawili, na miongoni mwao awepo mmoja mwenye mafua, amewazoea wakikohoa.

Tena yuko binti wa kidato cha nne mwenye sauti nzito, anayesoma baiolojia kama anayeng'oa kisiki. Huyo akifika kwenye mmeng'enyo wa chakula, mwanangu anazama usingizini moja kwa moja. Naomba arudie darasa. Najua amefaulu majaribio yote, ndiyo hofu yangu. Nitazungumza na wazazi wake mwenyewe, ni watu waelewa kwa kuwatazama.

Mwalimu, nakuheshimu, na najua tangazo ulilibandika kwa nia njema ya kuwasaidia watoto wasome. Nami ni mmoja wa wanaosoma. Tofauti ni kwamba mimi ninasomea upande wa pili wa ukuta, na nilipoanza kuandika Kengele alikuwa amesimama kitandani penye dirisha, ananitazama kama msimamizi wa mtihani. Nikishindwa mwaka huu nitajaribu tena mwakani, hilo nalisema ili ujue sikati tamaa. Lakini sitaki kujaribu tena mwakani. Nimechoka. Nataka kupita.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mwambie ule unga aliotuma ulifika. Nisalimie matroni, nimemsamehe. Wasalimie walimu wote wa zamu, mlinzi wa geti, na benchi la nyuma wakiamka. Mume wangu anakusalimu, anasema kesho maharage yatachelewa.

Wako katika ua mmoja,
Mama Kengele

Nyongeza: Mwalimu, ngoja kwanza. Kabla sijakunja karatasi amebisha hodi kiranja wa taaluma, yule msichana mwenye adabu. Ameinama akaninong'oneza, “Shikamoo mama. Samahani, tunaomba upunguze sauti. Tumekusikiliza tangu ile ya tarehe mara saba, hakuna aliyesoma. Yule wa sauti nzito analia, anasema harudii darasa.” Nikamwuliza, sauti gani? Akasema, “Unaandika unajisomea, mama. Kwa nguvu.” Mwalimu, sikujua. Kusoma nabana midomo kwa kumwogopa mtoto, kumbe nikiandika mdomo unakwenda wenyewe. Nikageuka kitandani. Kengele yupo chali, mikono juu, anakoroma. Kiranja anasema mtoto aliondoka dirishani nilipokuwa katikati ya la tano, kwenye zile hesabu za usingizi.

Kwa hiyo futa maombi yote. Tangazo libaki. Likizo waende wote, hata mwenye mafua. Binti wa sauti nzito ahitimu kwa amani, na mwambie asilie, sauti ataiharibu. Kuanzia kesho nitasoma kwa sauti mwenyewe, kila jioni, saa moja na nusu hadi saa tatu, dirisha nimelifunga. Kwa kuwa ni kuvunja tangazo, nitadeki bweni Jumamosi, nipangie upande usio na ukungu. Ninachohitaji sasa uniletee kwa mkono wa kiranja ni hivi:

kitabu cha jiografia kinachoanzia baada ya mmomonyoko;

daftari la baiolojia la yule binti, akishamaliza mtihani wa darasa;

kitabu cha historia, kile kinene, hata kama jalada limetoka;

na karatasi za mitihani ya miaka mitano iliyopita pamoja na majibu yake, tafadhali usisahau majibu, maana nimejaribu sasa hivi kusoma swali moja nikanyamaza, akafumbua jicho kusubiri jibu.