Hatua Elfu Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu, mhandisi wa madaraja (mtaa mzima unajua, nimewaambia), kaniandikisha kwa mshauri wa afya. Wa kwenye simu! Eti ni kwa sisi tunaouguza watu nyumbani. Mwaka wa pili huu namgeuza mume wangu kitandani tangu apooze. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nimelalaje. Leo nimeulizwa. Nikababaika.
Mshauri kasema nitembee kila siku, simu itahesabu hatua. Nikionekana nazorota, atampigia binti achukue likizo, aje anipokee zamu.
Aje! Miezi kumi na minne sijamtia machoni. Basi, nitazorota.

Jumatano, 5 Machi
Nazorota vizuri. Simu imeshinda juu ya kabati. Hatua kumi na moja! Mshauri kapiga, sauti imejaa huruma. Nikakohoa. Kasema hali ikiwa hivi hadi Jumapili, binti ataitwa.
Nimeanika mto wake. Nimemwambia baba yake, mwanao anakuja. Akatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Pacha wa jirani, anayemuuguza mkwewe, kumbe naye yumo kwenye kundi la mshauri! Kaninyoshea simu: elfu sita, shoga, wewe je? Akaona zangu. Akasema pole, ndio umri. Umri! Nimemzidi miaka miwili tu!

Jumamosi, 8 Machi
Nimeifunga simu kwa kamba kwenye pedali ya cherehani. Nimeshona mashuka ya mgonjwa asubuhi hadi adhuhuri. Elfu kumi na mbili! Nikampelekea Mama Pacha azione. Chakula cha leo kimenishuka vizuri.

Jumapili, 9 Machi
Mshauri kanipongeza: wa kwanza kundi zima! Nikamwambia ndivyo tulivyo kwetu.
Kisha binti kapiga; mshauri alishamdokezea mapema. Alikuwa keshaomba likizo, sasa kaiahirisha. Kasema mama, kumbe uko imara, nitakuja mwakani. Sauti yake imekuwa nzito, ya mtu mzima. Nikamjibu usijali mwanangu, mimi chuma.
Nilipokata simu, baba yake alikuwa anautazama mlango. Nikamwekea mto mgongoni. Ule wa binti. Nimeuanika tena leo, bado una joto la jua.

Jumatatu, 10 Machi
Naanza kuzorota upya. Simu iko juu ya kabati. Siigusi.
Mama Pacha kapita dirishani. Eti kafikisha elfu kumi na tatu.
Ile kamba niliiweka wapi?