Kichuguu cha Teryo

Teryo hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi hukuibia umelala. Teryo alitaka uwe macho na umshukuru. Shida yake ilikuwa moja: mali yake pekee, kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, kilikuwa na kichuguu katikati, kirefu kumfika mtu kifuani. Miaka sita kila mnunuzi alikiona akageuka akaenda zake. Nani atake ugomvi na wazee wasioonekana waliomo humo? Kwetu Iloilo hata ukipita tu karibu unapiga hodi, "Tabi-tabi, wazee," la sivyo mguu unavimba.

Basi siku moja akawakuta wanafunzi wa chuo wakichota tope mtoni kwa vijiko. Wakamweleza kwamba siku hizi vijidudu vya maradhi vinazicheka dawa, kwa hiyo wanatafuta udongoni bakteria wa kuviua. Unaotesha vijidudu kwenye sahani, unadondosha chembe ya udongo. Pakibaki duara safi kuizunguka, umepata. Teryo akaona duara hilo lina ukubwa wa kiwanja chake kabisa.

Wiki iliyofuata alivaa koti jeupe la kinyozi, akampelekea Manang Puring, mwenye maduka matatu ya dawa, sahani tano za gulaman, ile jeli ya mwani, iliyoota ukungu, na kopo la udongo aliodai ni wa kichuguu chake. Katikati ya kila sahani palikuwa na duara safi. Maduara aliyatengeneza kwa unga wa kapsuli alizonunua dukani kwa mama huyohuyo. Udongo aliuchota kando ya barabara, kwa sababu bingwa wetu alikifikia kichuguu akiwa na koleo, miguu ikaanza kumwasha kabla hajagusa kitu, akarudi nyumbani.

"Utaniuzia," alisema Manang Puring, macho yakimtoka.

"Pale mama yangu alilima mihogo, Manang. Itaniuma."

"Itakuuma kwa kiasi gani?"

Teryo akataja bei ya kujengea nyumba ya ghorofa. Manang hakushtuka. Aliomba tu mpwa wake Jocelle, wa maabara ya chuo, auangalie udongo kwanza.

Baada ya siku kumi Manang akaja amenuna, na ndani ya gari binamu yake askari.

"Mpwa wangu amepima udongo ulioniletea. Hauna kitu. Maduara ya sahani zako ni unga wa kapsuli, na siku uliyozinunua ninaijua."

Manang akamwambia kwamba hataki mji umcheke. Kiwanja atakichukua hivyohivyo aweke maboksi yake, ampe pikipiki kuukuu ya kubebea abiria, na kila mtu afunge mdomo. Teryo alitia saini mbio mbio, karatasi ikachanika. Jioni aliwanunulia rafiki zake pombe ya mnazi, akajisifu kuwa kamuuzia tajiri ugomvi wa wazee.

Mwezi haujaisha, akapita pale na abiria. Akakuta uzio, mlinzi, na wanafunzi wamepanga foleni wakipiga hodi mbele ya kichuguu, mmoja mmoja. Jocelle, binti asiyejua kuficha, akamweleza yote. Alipoona ule unga, kabla Manang hajakinunua kiwanja, alikuja mwenyewe kichuguuni, akawaomba wazee ruhusa, akachota. Udongo wa ndani uliua kijidudu cha majipu kilichoshinda kila dawa maabarani, na sasa kampuni imekodi kiwanja kwa miaka ishirini.

Teryo aliumia hasa. Akamfuata Manang Puring, aliyekaa palepale kiwanjani chini ya mwavuli na yule binamu askari.

"Umenitapeli. Ulisema udongo hauna kitu."

"Nilisema udongo ulioniletea." Manang akamgeukia binamu yake. "Toa kalamu, uandike. Haya, Teryo, mwambie askari. Ule ulioniletea ulikuwa wa wapi?"

Askari akafungua daftari. Teryo akamtazama, akakitazama kichuguu.

"Abiria wangu wananingoja," akasema.