Meza Yangu Karibu na Mlango

Jumanne, 4 Machi
Makumbusho. Nimeongoza watoto thelathini na wanane, sijapoteza hata mmoja. Nani kashukuru? Hakuna! Wote waliganda mbele ya ukuta wa barakoa za mbao. Mwalimu wa Sanaa, ambaye hata mwezi hajamaliza shuleni kwetu, akawauliza: wao wangejichongea uso gani? Wakalipuka kama bisi. Mimi nilikuwa nimewauliza barakoa zile ni ngapi. Ni hamsini na tatu. Hakuna aliyetaka kujua.

Kurudi, binti yangu wa darasa la nne akaomba kukaa na Mwalimu wa Sanaa kwenye basi. Nikasema haya, mama, nenda. Nikakaa na kreti la chupa za maji.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu Mkuu katangaza: Jumamosi warsha ya barakoa, chini ya Mwalimu wa Sanaa. Wazazi watakuja, na mzee mlinzi wa makumbusho pia. Makofi. Mimi nimepiga kwa vidole viwili. Kisha nikanyoosha mkono, nikaomba nami nipewe meza. Akauliza kama najua kuchora. Nikasema uso ni jiometri tu, mkuu. Kakubali!

Mke wangu anasema huu ni wivu, na wivu hauna dawa. Nimemwambia natetea somo langu, Hisabati.

Alhamisi, 6 Machi
Yule bibi wa Sanaa kagawa maelekezo: magazeti, gundi ya unga, na kwanza mtoto apakwe mafuta usoni. Nimwige? Mimi? Thubutu! Nimekwenda kwa shemeji, fundi seremala, kanipa kopo la gundi yake. Kanionya ikishika haiachi. Nikamwambia sifa hiyo hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Ijumaa, 7 Machi
Hila. Meza yangu nimeiweka karibu na mlango, kila mtoto anikute mimi kwanza. Yake nimeisukumia dirishani, kule nyuma. Kanishukuru! Eti kule kuna mwanga mzuri. Nimekosa usingizi wa mchana.

Jumamosi, 8 Machi
Nilianza vizuri. Nikajibandika magazeti usoni, gundi tele, mafuta hakuna. Watoto kumi na wawili mezani kwangu, binti yangu mbele kabisa! Akawaambia wenzake, "Huyu ni baba yangu." Dakika ishirini za utukufu.

Kisha nikavuta barakoa. Haikutoka. Nikavuta tena, uso mzima ukataka kuja nayo. Mzee wa makumbusho akapita, akasifu ilivyonikaa. Nikajaribu kucheka, midomo ikagoma. Binti yangu akaanza kulia, akauliza kama nitabaki hivyo. Akatimka. Kumwita nani? Huyo huyo Mwalimu wa Sanaa!

Akaja na mafuta na maji ya moto. Saa nzima ananilainisha, polepole, ananiambia nivumilie, kaka. Mikono myepesi, hata hapo nikaona wivu. Barakoa ikatoka na nusu ya masharubu yangu na nyusi moja. Watoto wakashangilia. Wazazi pia. Binti yangu alimkumbatia yeye kwanza, halafu mimi.

Jumapili, 9 Machi
Mwalimu wa Sanaa katuma salamu, anauliza uso unaendeleaje. Anasema safari ijayo tufanye pamoja, maana watoto walivutiwa na ujasiri wangu. Nimesoma mara tatu, nitafute kejeli. Haimo. Mtu mwema, nakiri. Binti yangu kaja kunipaka mafuta kwenye ngozi iliyochubuka, kwa kidole kimoja, kasema jana aliogopa sana asingeniona tena. Nikamwahidi: basi, mashindano yameisha.

Akafurahi. Akasema vizuri, maana Alhamisi mwalimu wake wa darasa anaanzisha kwaya.

Kwaya?

Nimejifungia chumbani, nimejaribu sauti. Mbwa wa jirani kaitikia. Ishara njema! Kesho asubuhi namwona Mwalimu Mkuu.