Hakuna Aliyepauka Jogoo Aliporudishwa Nyumbani

Kyuso,
Kaunti ya Kitui.

Kwa Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Hamjambo huko mliko? Poleni na kazi ya maneno. Naitwa Kavindu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa ni katibu wa kanisa letu. Nilikubali kazi hii kwa sababu katibu huandika tu. Kusema mbele ya watu siwezi.

Baada ya ibada sisi hupiga mnada sadaka za vyakula na mifugo. Jumapili iliyopita Shemasi Mwangangi alitoa jogoo. Watu walipotaja bei ya chini, alimnyang'anya mpiga mnada yule jogoo, akasema, "Mungu hawezi kudharauliwa hivi, na jogoo pia," akarudi naye nyumbani. Kumbukumbu zetu huandikwa kwa Kiingereza ili makao makuu wasome. Niliandika kwamba waumini wote walikuwa "appalled". Shemasi akafungua kamusi yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maana mliyoweka kwanza ni nzuri: kumshtua mtu vibaya sana. Mngeishia hapo tungekuwa na amani.

2. Mkaongeza asili. Mnasema neno hili lilitoka Kifaransa cha zamani, na lilimaanisha kupauka. Shemasi akauliza kamati ya kanisa, "Nani alipauka? Aje tumwone." Tukapangwa mstari nje ya kanisa, wazee wakatukagua mashavu. Jamani, sisi hupauka kwa kukosa mafuta, si kwa mshtuko! Alipatikana Mama Mutindi peke yake, na alipopanguswa ikawa ni unga. Alikuwa ametoka kusaga mahindi.

3. Mnasema Waingereza humalizia neno hili kwa l moja na Wamarekani kwa mbili. Shemasi anasema shahidi asiyejua herufi za jina lake hafai hata kwa kesi ya mbuzi.

4. Kwa hivyo kamati imeamua Jumapili nisimame mbele, nishike kipaza sauti, niondoe neno langu. Mimi, ambaye dukani husubiri wote waondoke ndipo niombe chumvi.

Nawaomba kwa heshima mfute asili hiyo kabla ya Jumapili. Ikiwa ni vigumu, tumeni Mfaransa mmoja wa zamani. Tutamwonyesha jogoo akichukuliwa, apauke mbele ya kamati, kisha arudi kwao. Kama wa zamani wameisha, hata mjukuu atatosha. Mama yangu atampikia ndengu. Mkikataa, jueni kwamba watu wa Kyuso hawajapauka kwa mshtuko tangu waumbwe.

Nisalimieni wapiga chapa wote. Yule aliyepewa herufi A, mwambieni sina kinyongo naye.

Ni mimi, ambaye bado naamini herufi zilizobaki,
Kavindu, Katibu.

Tanbihi: Nikifunga bahasha, Shemasi amepita hapa nyumbani. Ameisoma barua, amecheka sana, na amenisamehe neno. Badala yake, Jumapili nitawasomea waumini barua hii yote kwa kipaza sauti. Mama ameniangalia, akapiga kelele, "Wooi, Kavindu, mbona umepauka hivyo?" Tumepaka mafuta mara mbili na bado. Kamati imeitwa ije ione. Tafadhali, ile asili iacheni palepale.